Tezi, Omo na Ngama: Mwanagenzi na Uundaji wa Mashua Ndogo ya Uvuvi katika Bonde la Ufa

Utangulizi

Methali isemayo kwamba hata ikiwa tezi au omo, marejeo ni ngamani, hufundishwa katika madarasa ya Kiswahili kote nchini Kenya. Mwanafunzi wa Njoro, Gilgil au Molo huikariri, huitolea maana ya nje na ya ndani, kisha akapata alama zake. Lakini akiombwa aonyeshe kwa kidole tezi ni ipi, omo ni ipi, na ngama iko wapi, aghalabu hunyamaza. Si kosa lake. Bahari iko zaidi ya kilomita 600 kutoka mjini Nakuru, na vyombo vilivyoizaa methali hiyo amevionea vitabuni.

Hata hivyo, maji hayako mbali naye. Kutoka Nakuru hadi Naivasha ni safari ya saa moja na ushei kwa matatu, na katika ziwa hilo kuna watu ambao kila alfajiri huyakabidhi maisha yao kwa mbao chache zilizounganishwa pamoja. Miongoni mwao wako vijana wasio na uwezo wa kununua chombo kipya, ambao hununua kikuukuu kinachovuja au hukodi cha mwenzao kwa sehemu ya samaki. Kwao swali la namna ya kuunda chombo si la kamusi. Ni swali la riziki na la uhai.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu asiye fundi, yaani mwanagenzi, anavyoweza kuunda mashua ndogo ya uvuvi katika ua wa nyumba yake. Sambamba na hilo, yanayarejesha maneno ya uundaji katika vitu vyenyewe, ili msomaji wa fasihi ayaone yakifanya kazi. Inadaiwa hapa kwamba mambo haya mawili hayatengani: fundi asiye na majina ya sehemu za chombo hupata shida kuelekezwa, na majina yasiyo na chombo hubaki makapi ya kukaririwa.

Maji na Vyombo vya Bonde la Ufa

Si kila ziwa katika eneo hili linafaa kwa mvuvi. Maziwa Nakuru, Elementaita na Bogoria ni ya magadi, na lile la Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa. Mashua ya mwanagenzi basi ina makao mawili tu yanayoeleweka: Naivasha na Baringo, maziwa ya maji baridi.

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na kila mvuvi anajua sababu. Asubuhi maji hutulia kama kioo, lakini adhuhuri ikishapita upepo huanza kuvuma na mawimbi mafupi yenye hasira hujitokeza. Wengi wa samaki wanaovuliwa humo ni wageni. Kambare-mamba hawakuwa humo, wala sangara. Besi kutoka Marekani waliingizwa mwaka 1929, aina kadhaa za ngege zikafuata, na uvuvi wa kibiashara ukaanza mwaka 1959. Baada ya mwaka 2000 samaki aina ya kapi, ambaye hapo awali hakukusudiwa na mtu, aliongezeka mno hata akawatawala wengine. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa muda ili samaki wapate kuongezeka.

Ziwa Baringo lina historia nyingine. Jamii ya Ilchamus, inayozungumza lahaja ya Kimaa, ina chombo chake cha asili kinachoundwa bila ubao wala msumari. Hukatwa vijiti vya mti uotao majini, ambao wataalamu wa mimea huuita Aeschynomene elaphroxylon, mti wa jamii ya kunde wenye kiini chepesi mno. Vijiti hivyo hukaushwa, hupangwa na kufungwa kwa kamba hadi vikapata umbo la kihori. Maji hupenya kati ya vijiti na mvuvi huketi akiwa amelowa, lakini chombo hakizami, kwa kuwa kinachoelea si uwazi uliomo ndani yake bali ni mti wenyewe. Mvuvi hukiendesha kwa vibao viwili vidogo, kimoja katika kila mkono.

Mfano huu una fundisho la kwanza kwa mwanagenzi. Kuna njia mbili za kuelea. Ya kwanza ni kutumia kitu ambacho chenyewe ni chepesi kuliko maji. Hicho ndicho chelezo. Ya pili ni kuzuia maji yasiingie mahali penye uwazi. Hiyo ndiyo mashua. Mwenye chelezo hahofu tundu. Mwenye mashua hana budi kulihofu kila tundu, na kwa sababu hiyo mashua njema huwekewa pia chelezo ndani yake, kama itakavyoonyeshwa.

Kuunda si Kujenga

Kiswahili cha pwani hutofautisha kazi mbili. Nyumba hujengwa, chombo cha majini huundwa. Kitenzi unda, ambacho leo hutumiwa kwa kamati, sera na hata maneno mapya, kimekuwa tangu zamani kitenzi cha mafundi wa vyombo. Kutokana nacho tumepata muundo, na tumepata pia kiunzi, kwa kanuni ile ile ya sauti inayofanya penda kuzaa mapenzi. Kwa hiyo mhakiki anayezungumzia muundo wa riwaya anatumia, pengine bila kujua, neno lenye harufu ya mbao na mafuta.

Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa na kutobolewa kwa tezo. Aghalabu la mwembe katika sehemu nyingi za pwani. Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa mirengu ubavuni ili usipinduke. Mashua ni chombo cha mbao zilizounganishwa. Katika Bonde la Ufa ya kati, ambako gogo kubwa la kuchonga ni adimu na msitu hulindwa kwa sheria, mwanagenzi hana haja ya kuuota mtumbwi. Njia yake ni ya mbao, na miongoni mwa njia za mbao iliyo nyepesi kwake ni ile ya kushona.

Neno kushona lisimshangaze msomaji. Mtepe, chombo mashuhuri cha Lamu na visiwa vya jirani, kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa jamvi. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Kiyunani katika karne ya kwanza kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na jina la bandari ya Rhapta linahusishwa na neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mmoja uliundwa upya Zanzibar ili uonyeshwe katika jumba la Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka mnamo Desemba 2020.

Lakini wazo la mtepe halikuzikwa na mitepe. Mwaka 1963 nchini Uingereza ilianza kuuzwa mashua ndogo iitwayo Mirror, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuiunda nyumbani kwake. Vipande vya plaiwudi vilitobolewa pembeni, vikashonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono ikafunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Makumi ya maelfu ya mashua hizo yaliundwa. Katika mtepe na katika mashua hiyo, ganda la chombo ndilo linaloshonwa kwanza, na mataruma, yaani mbavu za ndani, hufuata. Hapo ndipo ulipo wepesi wake kwa mwanagenzi: halazimiki kuchonga kiunzi kizima kabla ya kuliona umbo.

Umbo na Hesabu Yake

Mashua inayofaa kuundwa kwanza ni ile yenye sakafu bapa, omo iliyochongoka na tezi ya ubao uliosimama. Vipimo vinavyopendekezwa hapa ni hivi: urefu wa mita 3 na nusu hivi, upana wa sakafu katikati sentimita 90, upana wa juu katikati sentimita 120, na kimo cha ubavu sentimita 40. Ubavu ulioinama kwa nje namna hii huongeza uthabiti kadiri chombo kinavyolemewa.

Kabla ya kununua chochote, mwanagenzi anapaswa kujua chombo kitabeba nini. Hesabu si ngumu. Maji ya ziwa ya ujazo wa lita moja yana uzito wa kilo moja hivi. Sakafu ya mashua hii, kwa kuwa imechongoka mbele, ina eneo la mita mraba 2 hivi. Kwa hiyo kila sentimita moja ambayo mashua inazama huyasukuma kando maji ya lita 20, yaani kilo 20. Mashua yenyewe itakuwa na uzito wa kilo 60 hivi. Watu wawili ni kilo 140. Nyavu na samaki tuseme kilo 40. Jumla ni kilo 240. Gawanya kwa 20, utapata sentimita 12. Ubavu una kimo cha sentimita 40, kwa hiyo sentimita 28 hubaki juu ya maji.

Sasa aongezwe mtu wa tatu na gunia la samaki, tuseme kilo 120. Mashua itazama sentimita 6 zaidi na ubavu utabaki na sentimita 22. Asubuhi tulivu watafika. Upepo wa alasiri ukiinuka na mawimbi yakaanza kupanda, kimo hicho hupungua haraka. Wanaokufa maji kwa kupakia kupita kiasi hawakosi ujasiri. Wamekosa hesabu hii ya dakika mbili.

Vifaa

Kazi yote huhitaji plaiwudi tatu za kipimo cha kawaida, sentimita 244 kwa 122: moja ya unene wa milimita 6 kwa mbavu, na mbili za milimita 9 kwa sakafu, ubao wa tezi na vipande vya kuungia. Plaiwudi ya ndani ya nyumba haifai hata kidogo, kwani gundi yake huyeyuka kwa maji na tabaka zake huachana. Kabla ya kununua, mwanagenzi aombe kipande kidogo, akitie katika sufuria ya maji yanayochemka kwa muda wa saa moja, kisha akikaushe. Kikiachana tabaka, aitafute mbao kwingine.

Pamoja na plaiwudi zinahitajika fito ndefu za mbao nyepesi zisizo na vifundo, sipresi kwa mfano, kwa ajili ya ukingo, mkuku na viti, waya laini wa shaba, gundi ya epoksi, utepe wa nyuzi za kioo wa mita 20 hivi, ambao mafundi huuita faiba, skrubu zisizoshika kutu, na rangi. Zana ni zile za seremala yeyote wa jua kali: msumeno, randa, keekee au drili, nyundo, futi, penseli na uzi wa kupigia mstari. Epoksi ina madhara kwa ngozi na mapafu. Glavu zivaliwe na kazi ifanywe mahali penye hewa.

Hatua za Uundaji

Hatua ya kwanza ni mfano mdogo. Mwanagenzi achore vipande vyote kwenye karatasi ya manila kwa kipimo cha moja kwa kumi, avikate na kuviunganisha kwa gundi ya karatasi. Kosa la sentimita moja katika manila ni kosa la sentimita kumi katika plaiwudi, na manila ni rahisi.

Hatua ya pili ni kukata mbavu. Plaiwudi ya milimita 6 ikatwe kwa urefu vipande vitatu vya upana wa sentimita 40. Viwili viachwe vizima. Cha tatu kikatwe kupata vipande viwili vya sentimita 116. Kila kipande kirefu kiungwe na kifupi, ncha kwa ncha, kwa kubandika nyuma ya kiungo kibao cha upana wa sentimita 20 kwa epoksi na skrubu fupi. Hapo hupatikana mbavu mbili za sentimita 360. Upande wa omo, ncha za mbavu zikatwe mshazari ili ukingo wa chini uwe mfupi kuliko wa juu kwa sentimita 12 hivi. Mbavu zote mbili zikatwe zikiwa zimelazwa pamoja, moja juu ya nyingine, ili zilingane.

Hatua ya tatu ni taruma la katikati na ubao wa tezi. Taruma hili ni kiolezo: chini sentimita 90, juu sentimita 120, kimo sentimita 40. Ubao wa tezi uwe na sentimita 70 chini na 95 juu. Mbavu zifungwe kwenye taruma, kisha ncha za omo zivutwe pamoja kwa kamba iliyozungushwa na kusokotwa kwa kijiti, polepole, hadi zikutane kwenye hanamu, kile kipande cha mbao kilichosimama mbele na kupasua maji. Ncha za nyuma zivutwe vivyo hivyo hadi kwenye ubao wa tezi. Ni katika saa hii ambapo vibao vya duka hugeuka kuwa chombo: kwa kuwa mbavu zimeinama kwa nje, kupinda kwake huzifanya zijiinue zenyewe mbele na nyuma, na mkunjo wa mashua hujitokeza bila kuchorwa.

Kabla ya kuendelea, upimwe urefu kutoka ncha ya hanamu hadi kila pembe ya ubao wa tezi. Vipimo viwili hivi vikitofautiana, mashua imejipinda, na mashua iliyojipinda daima huenda upande. Irekebishwe sasa, baada ya gundi kukauka hakuna toba.

Hatua ya nne ni sakafu. Chombo kigeuzwe kifudifudi. Plaiwudi mbili za milimita 9, zilizoungwa kama mbavu zilivyoungwa, zilazwe juu yake, umbo lichorwe kwa penseli na kukatwa. Kisha vitobolewe vitundu vidogo kila baada ya sentimita 15, katika ukingo wa sakafu na katika ukingo wa ubavu vikitazamana, na vishonwe kwa vipande vya waya vinavyosokotwa upande wa nje. Waya usikazwe kwa nguvu mara moja. Ukazwe kidogo kidogo kuzunguka chombo chote, kama mshonaji anayehofia nguo isikunjamane.

Hatua ya tano ni gundi. Epoksi ichanganywe na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ijazwe ndani ya pembe kati ya waya na waya, na ilainishwe kwa mgongo wa kijiko. Ikishakauka, waya ukatwe na kung'olewa. Mshono wote sasa ujazwe, ufunikwe kwa utepe wa nyuzi za kioo uliolowa epoksi, ndani na nje. Tofauti na mtepe, ambao kamba zake zilibaki, mashua hii huutupa uzi wake baada ya kushonwa. Uzi ulikuwa mwalimu tu.

Hatua ya sita ni kukamilisha. Fito za ukingo zibandikwe juu ya mbavu, ndani na nje, kwani bila hizo mbavu hulegea. Chini ya sakafu, katikati, upigiliwe mkuku, ufito wa unene wa sentimita 3 hivi unaokwenda kutoka omo hadi tezi. Katika jahazi mkuku ni uti wa mgongo. Katika mashua hii kazi yake ni kuifanya iende sawa na kulinda sakafu isisuguliwe na mawe. Viti viwekwe viwili, kimoja tezini na kimoja katikati. Chini ya kiti cha tezi na katika pembe ya omo vifungwe visanduku visivyoingia maji, au vijazwe chupa tupu za plastiki zilizofungwa barabara. Hiki ndicho chelezo kilichotajwa awali. Mashua ikijaa maji haitazama, na wavuvi watakuwa na kitu cha kushika.

Hatua ya saba ni kuilinda. Mafundi wa pwani hupaka vyombo vyao deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Mwanagenzi wa Naivasha apake epoksi nyembamba mara mbili au tatu, hasa katika kingo zilizokatwa, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake. Kisha apake rangi, kwa kuwa jua huila epoksi isiyofunikwa.

Makosa ya Mwanagenzi

Kosa la kwanza ni haraka. Usiku wa Nakuru na Naivasha ni wa baridi, na epoksi hukauka polepole mno katika baridi. Anayeona gundi yake ingali laini asubuhi hushawishika kuongeza dawa ya kukaushia kupita kipimo cha mtengenezaji. Hilo halisaidii, hudhoofisha gundi. Afunike kazi kwa turubai na kungoja jua.

Kosa la pili ni kuziba kasoro kwa rangi. Rangi huficha ufa kwa macho ya binadamu, haiufichi kwa maji. Kosa la tatu ni kuiga jahazi: kuongeza mbao nene, mataruma mengi na misumari mikubwa kwa kudhani kwamba uzito ni nguvu. Kila kilo ya mbao isiyohitajika ni kilo moja ya samaki itakayoachwa ziwani.

Kosa la nne ni kudharau njia ya wenyeji. Mashua za mbao zilizopigiliwa misumari na kutiwa kalafati zimewalisha watu kwa miaka mingi. Tatizo lake kwa mwanagenzi ni kwamba kulinganisha ubao na ubao hutaka jicho la miaka, na kwamba mbao zikiachwa juani husinyaa, viungo vikafunguka. Mwenye jirani fundi wa namna hiyo na amwite aione kazi yake. Atacheka, kisha atamwonyesha jambo ambalo hakuna kitabu kinacholisema.

Kuishua Mashua

Kabla ya kushua, yaani kuingiza chombo majini, kuna jaribio la nyumbani. Mashua iwekwe juu ya magogo mawili, imwagiwe maji ndani hadi kimo cha kiganja, na iachwe usiku kucha. Asubuhi ardhi iliyo chini yake itazungumza. Palipolowa pana kasoro, na kasoro hiyo imegunduliwa uani, pasipo na kiboko.

Kiboko si mzaha. Katika Naivasha na Baringo viboko wamewaua wavuvi, na Baringo ina mamba pia. Mwanagenzi ajifunze kwa wenyeji njia za viboko, asipite karibu na mafunjo alfajiri au machweo, na asikatize kati ya kiboko na maji yenye kina. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe. Zikikaliwa kama mto hazimwokoi mtu. Kila mashua iwe na upo wa kufulia maji, kamba, na kafi moja ya akiba. Itakumbukwa kwamba kasia hushikizwa kwenye kishwara na mpiga kasia huipa omo kisogo, ilhali kafi hushikwa kwa mikono mitupu na mpigaji hutazama aendako. Kasia ikivunjika, kafi humrudisha mtu nyumbani.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inadai leseni kwa mvuvi na usajili kwa chombo chake, na vikundi vya usimamizi wa fuo huangalia nani anavua, wapi, na kwa nyavu za matundu gani. Huenda mwanagenzi akaona huu ni usumbufu. Lakini ziwa lililowahi kufungwa kwa kukosa samaki halina nafasi ya mashua isiyojulikana. Aende ofisi ya uvuvi kabla ya kununua plaiwudi, asingoje hadi rangi ikauke.

Safari ya kwanza iwe fupi, asubuhi, karibu na ufuo, bila nyavu. Watu wawili wakae, wainuke mmoja mmoja, waegemee upande huu na huu, waone mashua inavyojibu. Aliyeiunda atagundua kwamba masikio yake yamebadilika: kila mlio wa ubao anaujua unakotoka.

Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba mashua ndogo ya uvuvi si siri ya mafundi wa Lamu peke yao. Plaiwudi tatu, waya, gundi, subira na hesabu sahihi humtosha mwanagenzi wa Bonde la Ufa. Imeonyeshwa vilevile kwamba njia iliyo rahisi kwake leo ina undugu na njia ya mtepe: kushona ganda kwanza, kisha kulitia mbavu.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili limebaki jambo moja. Maneno kama hanamu, taruma, mkuku, kishwara na upo yamehifadhiwa vyema katika kamusi, lakini mashuani Naivasha mengi yake hayasikiki. Wavuvi hutumia maneno ya lugha zao za kwanza, ya Kiingereza kilichotoholewa, au huonyesha kwa kidole. Kazi ya kuyakusanya maneno wanayoyatumia, na ya kuwapelekea haya ya pwani wayajaribu, ingefaa kufanywa na chama cha wanafunzi mwishoni mwa juma moja tu. Wangerudi na msamiati. Pengine na samaki pia.

Na methali iliyotangulia sasa inasomeka kwa jicho jingine. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yote yaliyopenya hukusanyika. Yawe yameingilia tezi au omo, yatakwenda huko. Ndiyo maana mvuvi mwangalifu, kabla ya kutazama upepo au mawingu, huinama kwanza na kutazama ngama. Pakiwa pakavu, hushika kafi.